Ng'ombe, Nyota, Swali na Mbwa: Kazi Gani ya Koperative Ipewe Feza?

SOMO LA UONGOZI WA KOPERATIVE



Koperative nyingi za kwetu zilianza na kazi moja tu: kukusanya kahawa, ao kuuza maharage pamoja. Leo ukitembelea koperative ile ile unakuta kazi ine ao tano. Kuko kituo cha kuosha kahawa, kuko mashini ya kusaga, kuko depo ya majembe, kuko sabuni, pengine hata nguruwe. Kila kazi iko na musimamizi wake. Kisha mavuno, hesabu zikifungwa, kila musimamizi anasimama mu mukutano na kuomba feza. Na komite inafanya nini? Mara nyingi inagawanya sawa-sawa, kusudi mutu asikasirike.

Somo hili linasema kama kugawanya sawa-sawa kati ya kazi si haki. Feza ile ilitoka ku jasho la wamemba walioleta kahawa yao. Ikitawanywa kidogo-kidogo ku kila upande, haijenge kitu. Kisha mavuno yanayofuata yanafika, koperative haina franka za kulipa kahawa, na memba anauzia mufanyabiashara wa njiani. Wahenga walisema: mutaka yote hukosa yote.

Kisha somo hili mutaweza kufanya mambo matatu: kupima kila kazi kwa maulizo mawili; kuiweka mu chumba chake; na kuamua pamoja kazi gani ikamuliwe, gani ilishwe, gani ibadilishwe na gani iachwe.

Chombo hiki kilitoka wapi

Mu mwaka wa 1963, Mumarekani mumoja, Bruce Henderson, alianzisha kampuni ya washauri mu muji wa Boston, ile inaitwa Boston Consulting Group. Mu 1970 akaandika makala fupi. Wakati ule kampuni kubwa za Marekani zilikuwa na kazi nyingi zisizofanana chini ya paa moja, na wakubwa wao walikuwa na taabu kama yetu: kila mukubwa wa kazi anaomba feza, na kila mumoja iko na sababu nzuri. Henderson aliwaonyesha kama kazi zote hazifanane. Kuko kazi zinaleta feza kupita ile zinakula. Kuko zingine zinakula kupita ile zinaleta, lakini kesho zinaweza kulisha nyumba. Musimamizi muzuri anatoa feza ku za kwanza na kuipeleka ku za pili, lakini kwa kuchagua.

Chombo chenyewe ni mraba wenye vyumba vine. Unaweza kuuchora ku ubao, ku karatasi, hata chini mu mavumbi na kijiti. Kampuni kubwa zilikichukua, lakini hesabu yake mutoto wa masomo ya musingi anaiweza.

Maulizo mawili

*Ulizo la kwanza: Soko ya kitu hiki inakua?* Hapa tunaangalia soko nzima mu eneo letu, hatuangalie mauzo yetu peke yake. Chukua wingi uliouzwa mwaka huu na wauzaji wote, toa ule wa mwaka uliopita, gawanya kwa ule wa mwaka uliopita, zidisha na 100. Kama maharage ya mbegu yaliyouzwa mu eneo lenu yalikuwa tani 20, na mwaka huu ni tani 26, soko imekua 30 kwa mia. Kampuni kubwa zilizoea kuweka mupaka ku 10 kwa mia: juu yake soko inakua mbio, chini yake inatembea pole-pole. Mupaka huo si sheria. Ninyi munaweza kuweka wenu.

*Ulizo la pili: Sisi tuko na nguvu gani mbele ya mushindani wetu mukubwa?* Chukua wingi wenu, gawanya kwa wingi wa mushindani mukubwa kupita wengine. Kama munauza tani 6, naye anauza 8, munapata 0,75. Mukipita 1, ni ninyi wakubwa wa soko. Mukiwa chini ya 1, yeye njo mukubwa.

Juu ya nini mambo haya mawili? Soko inayokua inakula feza. Ukitaka kukua pamoja nayo, lazima uongeze depo, mifuko, bashi za kuanikia, wakozi, na feza ya kununua mavuno mbele hujauza. Ukikuwa mukubwa wa soko, garama ya kila kilo inashuka. Kituo cha kuosha kahawa kinalipa mulinzi mumoja, kikipokea tani 10 ao tani 40. Mushahara ule ule ukigawanywa ku kilo nyingi unakuwa mwepesi. Njo maana mukubwa wa soko anaweza kulipa mulimaji bei nzuri na bado akabakiza kitu.

Vyumba vine

*Chumba cha Ng'ombe wa maziwa.* Soko haikue sana, lakini sisi ni wakubwa. Kazi hii haidai feza nyingi ya kukua, na inaleta kila mwaka. Inakamuliwa kusudi ilishe zingine.

*Chumba cha Nyota.* Soko inakua mbio, na sisi ni wakubwa. Inaleta feza lakini inakula pia nyingi, pengine yote. Usiinyime. Siku soko itatulia, nyota itakuwa ng'ombe.

*Chumba cha Swali.* Soko inakua mbio, lakini sisi ni wadogo. Hapa feza inaweza kupotea bure, ao inaweza kuzaa nyota. Lazima kuchagua: ao tunailisha kwa nguvu mupaka iwe kubwa, ao tunaiacha. Kuilisha kidogo-kidogo njo njia ya hakika ya kupoteza.

*Chumba cha Mbwa.* Soko haikue, na sisi ni wadogo. Njo jina ambalo watu wa biashara wanatumia. Lakini kwetu kuita kazi ya mutu mbwa ni matusi. Mu mukutano semeni "kazi ya kuangaliwa". Na tusisahau: mbwa hakamuliwe, lakini kuko mbwa anayelinda nyumba. Tutarudia jambo hili.

Mufano wa kufundishia

Tufikirie koperative moja pembeni ya ziwa Kivu. Hatutaje jina, sababu haiko. Hesabu zake tumezitunga kwa kujifunza tu. Iko na wamemba 120 na kazi tano. Hizi ni hesabu za mwaka, kwa dola:

| Kazi | Mauzo | Garama yote | Inabaki | Soko inakua | Nguvu yetu |
|---|---|---|---|---|---|
| Kahawa (kituo cha kuosha) | 36 000 | 30 000 | 6 000 | 1 kwa mia | 1,6 |
| Mbegu za maharage | 9 000 | 8 600 | 400 | 30 kwa mia | 0,75 |
| Mashini ya kusaga | 4 800 | 5 000 | –200 | 2 kwa mia | 0,67 |
| Depo ya majembe na vifaa | 3 000 | 2 850 | 150 | 3 kwa mia | 0,5 |
| Sabuni | 2 400 | 2 900 | –500 | 15 kwa mia | 0,05 |
| Jumla | 55 200 | 49 350 | 5 850 | | |

Mbele ya kuenda mbali, tuangalie musitari wa mashini ya kusaga, sababu hapa njo koperative nyingi zinajidanganya. Musimamizi wa mashini anasema: "Tunabakiza dola 1 200 kila mwaka!" Hasemi uongo. Anachukua 4 800 zilizoingia, anatoa 2 640 za mazutu na 960 za mushahara wa mukozi, anapata 1 200. Lakini matengenezo, dola 900, yalilipwa na sanduku la kahawa. Na mashini yenyewe, ya bei ya dola 2 500, ilitolewa na projeti. Mashini inachakaa. Kama itadumu miaka 5, kila mwaka lazima kuweka pembeni dola 500 za kununua ingine. Ukihesabu yote, garama ni 5 000, na mashini inakula 200 kupita ile inaleta. Kitu cha bure kinaficha garama yake mupaka siku kinakufa. Njo siku hiyo wamemba wanaanza kulaumiana.

Sasa tupange kila kazi mu chumba chake.

*Kahawa* iko mu chumba cha Ng'ombe. Mu eneo lile kunavunwa karibu tani 100 za kahawa nyekundu, na hazizidi kila mwaka, sababu miti ni ya zamani. Koperative inapokea tani 40. Mufanyabiashara mukubwa anapokea 25. 40 kugawanya kwa 25 ni 1,6.

*Mbegu za maharage* ziko mu chumba cha Swali, lakini karibu na mulango wa Nyota. Walimaji wanatafuta maharage ya kupanda juu ya miti, yanayozaa mingi mu shamba ndogo. Mbegu ya musingi inapatikana ku watafiti wa INERA Mulungu, na SENASEM inakagua mashamba ya mbegu. Mushindani mukubwa anauza tani 8, sisi 6. Tunaweza kumufikia.

*Sabuni* nayo iko mu chumba cha Swali. Watu wanaongezeka, wananunua sabuni nyingi. Lakini sabuni ya kiwanda inayotoka ku muji inauzwa kwa dola 48 000 mu soko ile ile, sisi 2 400. Ni 0,05. Ili kumufikia mukubwa ingelazimu kuzidisha kazi mara 20. Mafuta ya mawese na soda tunanunua kidogo-kidogo, kwa bei ya juu. Kiwanda kinanunua kwa tani.

*Mashini ya kusaga* na *depo* ziko mu chumba cha ine. Soko haikue, na wengine ni wakubwa.

*Nyota*: hakuna. Hapa wamemba wanapaswa kushituka. Koperative yenye ng'ombe mumoja bila nyota ni kama shamba la kahawa lenye miti mizee bila miche. Leo kuko mavuno. Ugonjwa ao bei mbaya ikiingia, hakuna kingine.

Kuamua

Kama komite ingegawanya 5 850 sawa-sawa, kila kazi ingepata 1 170. Sabuni ingekula yake. Mashini ingepata moteri iliyotengenezwa nusu. Mbegu zingekosa bashi na depo ya kukauka. Kahawa ingekosa feza ya kulipa wamemba juma la kwanza la mavuno.

Wamemba wa mufano wetu waliamua hivi.

*Ng'ombe analishwa mbele.* Kukamua si kuchinja. Miti mizee inapaswa kukatwa ku kisiki kusudi ichipuke upya, na miche ipandwe leo, sababu muti mupya wa kahawa unangoja karibu miaka 3 mbele ya kuzaa vizuri. Na lazima kuwe franka ku kituo siku ya kwanza ya mavuno. Memba anayeleta kahawa nyekundu asubui anataka feza leo, juu ya minervale ya watoto na chakula cha nyumba. Ukimwambia "rudi kisha mwezi", atarudi na kikapu kitupu. Kahawa inapata dola 1 000.

*Swali moja linachaguliwa: mbegu.* Zinapata dola 1 500 kwa mbegu ya musingi, bashi za kuanikia, mifuko isiyoingiza wadudu, na garama ya ukaguzi. Lakini feza inatoka na sharti lililoandikwa: kufikia tani 10. Kama mushindani anabaki karibu 8, nguvu yetu itakuwa 1,25, na mbegu zitaingia mu chumba cha Nyota. Wamepewa sezoni ine, maana yake sezoni A na B mara mbili. Zikipita bila kufika, wamemba wanajadili tena, na kuacha kunakuwa jambo la kawaida, si aibu.

*Swali la pili linaachwa: sabuni.* Hapa ni pagumu. Mama kumi na wawili walijifunza kazi ile, na wengine ni wajane. Hesabu haiseme kama kazi yao ilikuwa mbaya. Inasema kama koperative haiwezi kushinda kiwanda, na kila mwaka wa kuendelea unakula dola 500 za kila mutu, hata za wale mama wenyewe ambao wako na kahawa. Wamemba waliwapa nafasi ya kwanza ku kazi ya kuchagua na kufunga mbegu, ambako kunatafutwa mikono. Mwenye kutaka kuendelea na sabuni kwa jina lake mwenyewe anapewa vyungu na vifaa. Kufunga kazi bila kufikiria watu wake ni kuvunja koperative kwa ndani.

*Mashini inakodishwa.* Mu kijiji kuko mashini zingine mbili, mama hatatembea mbali kama hii inabadilisha mukono. Mukozi wa mashini anaikodi dola 40 kwa mwezi, ni 480 kwa mwaka. Mazutu na matengenezo ni juu yake. Mbele ya kusaini, hesabieni hata upande wake: 4 800, toa 2 640 za mazutu, 900 za matengenezo na 480 za kukodi, anabaki na 780. Ni chini ya mushahara wake wa 960. Lakini akichunga moteri vizuri na kupunguza matengenezo, atapita pale. Mumwambie ukweli huu wazi, na mukubaliane nani anabadilisha moteri ikikufa. Koperative, ku upande wake, haitakosa tena 200. Itakosa 20 tu, na 500 za mashini mupya zitawekwa.

*Depo inabaki.* Inaacha dola 150 tu, na haitakua. Lakini ukiifunga, wamemba watapata wapi misumeno ya kukatia miti ya kahawa, mifuko, na majembe ya mashamba ya mbegu? Huyu njo mbwa anayelinda nyumba. Haombi nyama; msimupe feza mupya, lakini msimufukuze.

Feza ikagawanywa hivi: akiba 2 350, kahawa 1 000, mbegu 1 500, na risturni 1 000, ile inayorudia wamemba kufuatana na mavuno waliyoleta. Jumla 5 850. Sheria ya OHADA juu ya koperative, inayofuatwa Kongo pia, inalazimisha kuweka akiba mbele ya kugawanya. Angalieni statuti zenu kujua ni ngapi kwa mia. Na kwa kuacha sabuni na kukodisha mashini, koperative itapata dola 680 zaidi mwaka unaofuata mbele hata ya kuongeza kilo moja ya kahawa.

Mitego mitano ya kuepuka

*1. Kuchukua bei kama kukua.* Mu Julai 2021 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brezili, na bei ya Arabika ikapanda mu dunia nzima. Mutu anayehesabu kwa dola peke yake angesema: soko yetu ya kahawa inakua mbio! Lakini miti ya kwetu haikuongezeka hata mumoja. Bei inayopanda leo inashuka kesho. Pimeni kukua kwa kilo, kwa magunia, kwa litre. Dola zije nyuma.

*2. Kuchora soko vibaya.* Ukisema "soko yetu ni kijiji chetu", utakuwa mukubwa siku zote. Ukisema "soko yetu ni dunia", utakuwa mudogo kama sisimizi. Soko ni pale munaposhindana kweli. Kwa kahawa ya mufano wetu, tusisahau ile inayovuka ziwa usiku. Tani 40 na tani 25 zinafanya 65. Zile karibu 35 zinazobaki zinaenda wapi? Kama zote zinapita mu mikono ya watu walioungana, mushindani mukubwa ni wao, na nguvu yetu si 1,6. Ni 40 kugawanya kwa 35, karibu 1,14. Ng'ombe wetu iko karibu kuporwa, na sisi tunalala.

*3. Kuchanganya franka na dola.* Ukiandika mauzo kwa franka za Kongo za mwezi wa tatu na garama kwa dola za mwezi wa tisa, hesabu yote inapinda. Chagueni feza moja kwa kufananisha, na andikeni kima cha kubadilisha cha siku ile ile feza iliingia ao ilitoka.

*4. Kusahau kamba zinazofunga kazi.* Mraba unaangalia kila kazi peke yake. Lakini maganda ya kahawa yanakuwa mbolea ya mashamba, na lori inayopeleka kahawa inarudi na bidhaa za depo. Mbele ya kufunga kazi, ulizeni: nani mwingine ataumia?

*5. Kumuhukumu mutu kwa jina la chumba.* Kazi ikiitwa mbwa, haipewe feza, isipopewa feza, inakufa kweli, na tunasema "mwaona?" Jina ni mwanzo wa mazungumuzo. Na kuko kazi koperative inaamua kubeba bila faida, kwa mufano kituo kidogo cha wamemba wa mbali ambako barabara inafungwa na vita ao mvua. Hiyo ni sawa, kama wamemba wenyewe wameamua, wanajua garama yake, na imeandikwa mu kaye.

Kuko pia chombo kingine cha ndugu yake, kilichotengenezwa kwa kampuni ya General Electric pamoja na washauri wa McKinsey, chenye vyumba tisa. Hicho hakitazame kukua na sehemu ya soko peke yake. Kinapima uzuri wa soko na nguvu yetu kwa mambo mengi: barabara, usalama, ujuzi, ubora. Kinaomba mazungumuzo marefu zaidi. Tunashauri muanze na vyumba vine, muvizoee, kisha mujaribu tisa.

Namna ya kufanya mu koperative yenu

1. *Majuma mawili mbele ya mukutano mukubwa*, mutunza-feza na watu wawili wasio wa komite, na mumoja wao awe mama, waandike hesabu ya kila kazi peke yake. Garama zote ziingie: mushahara, mazutu, matengenezo, na kuchakaa kwa vyombo, hata vile vilitolewa bure.

2. *Tumeni watu ku soko.* Wahesabu magunia, karitoni na foleni za mashini. Hamutapata hesabu kamili. Ile ya karibu inatosha, kama muliitafuta wenyewe.

3. *Mu mukutano, choreni mraba mukubwa.* Juu: soko inakua mbio. Chini: inatembea pole-pole. Kushoto: sisi ni wakubwa. Kuume: sisi ni wadogo. Kwa kila kazi wekeni jiwe. Jiwe kubwa kwa mauzo makubwa, dogo kwa madogo. Hata memba asiyejua kusoma ataona nyumba yake yote kwa macho.

4. *Musimamizi wa kila kazi aseme*, lakini asihesabiwe peke yake. Wamemba waulize. Kama jiwe liliwekwa vibaya, lihamishwe mbele ya wote.

5. *Pigeni kura.* Mutu mumoja, sauti moja. Mwenye miti 2 000 ya kahawa na mwenye miti 50 wako sawa hapa.

6. *Andikeni* kiasi, kusudio, na siku ya kuangalia tena. Mwaka unaofuata, wekeni mawe upya na mulinganishe: jiwe gani lilitembea? Lilitembea upande gani?

Maswali ya kuzungumuzia mu kikundi

— Mu koperative yetu, kazi gani njo ng'ombe? Mwaka jana tulimurudishia majani ya ngapi?

— Kuko kazi inayoendelea tu sababu projeti iliacha vyombo? Ikihesabiwa garama yote, inabakiza nini?

— Tuko na maswali mangapi? Kama tungeruhusiwa kulisha moja tu, tungechagua gani, na kwa sharti gani?

— Mbwa wetu analinda nyumba, ao analala ku mulango tu?

— Ng'ombe wetu akiugua mwaka ujao, wamemba watakula nini?

Fanyeni zoezi hili na mawe mbele ya kugawanya feza za mavuno haya. Mukutano utakuwa murefu, na wengine watarudi nyumbani na uchungu. Lakini kila memba atajua dola yake ilienda wapi na juu ya nini, na siku ya kwanza ya mavuno atakuta franka ku kituo.